Jina la Mlangoni na Chapa ya Tofali

Katika mji wa Roma, nchini Italia, lipo jengo liitwalo Pantheon, lililosimama kwa muda wa miaka ipatayo 1,900, na hata leo kuba lake halijaanguka. Mbele yake, juu ya nguzo za baraza, yamechongwa maneno ya Kilatini kwa herufi kubwa, nayo maana yake ni kwamba Marcus Agrippa, mwana wa Lucius, alipokuwa konsuli mara ya tatu, ndiye aliyejenga. Konsuli kilikuwa cheo kikubwa katika dola ya Kirumi, na Agrippa alikishika mara hiyo ya tatu mwaka 27 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa.

Basi na ijulikane kwamba maandishi hayo hayalihusu jengo tulionalo leo. Hekalu la Agrippa liliungua mwaka 80, likatengenezwa na Kaisari Domitian, kisha likaungua tena kwa radi mwaka 110. Jengo la sasa, kama wanavyoamini wataalamu wengi, lilianza siku za Kaisari Trajan, likamalizika siku za Hadrian, karibu na mwaka 126. Hadrian ndiye aliyeliacha jina la Agrippa mlangoni, na kwa karne nyingi wenye elimu waliyasadiki yale waliyoyasoma pale juu.

Ukweli ulikuwa umefichika ukutani. Katika enzi ile, matofali yalipigwa chapa kabla ya kuchomwa, zikitaja tanuri yalikotoka na pengine makonsuli wa mwaka ule. Mwaka 1892 Mfaransa mmoja, msanifu majengo Georges Chedanne, aliyachunguza matofali ya Pantheon, akaona kwamba chapa zake ni za wakati wa Hadrian. Hivyo chapa ya mfyatua matofali ikayakanusha maandishi ya mlangoni.

Tulitazame sasa jengo lenyewe. Upana wa kuba ni mita 43.3, na kutoka sakafuni hadi kileleni ni kiasi hicho hicho, hata tufe zima lingeweza kukaa ndani yake. Ni zege tupu, bila ya nondo hata moja, na mpaka leo hakuna kuba la namna hiyo duniani lililolizidi kwa ukubwa. Siri yake imo katika chokaa iliyochanganywa na majivu ya volkano, na katika hekima ya kupunguza uzito. Chini mafundi walitia mawe mazito, wakaendelea kwa vipande vya matofali, na karibu na kilele wakatumia mawe mepesi ya volkano yenye vitundu. Unene nao ukapunguzwa, kutoka karibu mita 6 kwenye kitako cha kuba hadi mita moja na ushei juu. Upande wa ndani wakachimba vishimo 140 vya mraba, safu tano, kila safu 28, na kileleni wakaacha tundu la duara lenye upana wa karibu mita 9. Humo huingia mwanga, na mvua pia, nayo maji yake hutoka kwa matundu madogo yaliyotobolewa sakafuni.

Mawe yake yalitoka mbali, na sehemu kubwa ilitoka katika bara letu la Afrika. Marumaru ya manjano ililetwa kutoka Tunisia. Nguzo za baraza, zilizokuwa 16, ni za graniti ya Misri, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mita 12 na uzito wa tani zipatazo 60. Zile za kijivu zilichongwa huko Mons Claudianus, katika jangwa la mashariki ya Misri, zikaburutwa zaidi ya kilomita 100 hadi mto Nile, zikapakiwa majahazini, zikavuka bahari.

Jangwani huko, kati ya mwaka 1987 na 1993, wachimbaji wa mambo ya kale walipata vigae zaidi ya 9,000 vilivyoandikwa kwa wino. Ni vipande vya mitungi iliyovunjika, navyo vilikuwa daftari la kazi. Kigae kimoja kina hesabu ya mgao wa maji kwa watu wapatao 900. Vingine vinaonyesha kwamba mafundi huru wa Kimisri walilipwa drakma 47 kwa mwezi pamoja na ngano, na kwamba pamoja nao walikuwapo watumishi wa Kaisari, watumwa na walioachwa huru, waliopewa posho. Msomaji asidhani, basi, kwamba habari ya wajenzi wale ni ya mijeledi mitupu. Walikuwa watu wenye ufundi, wenye kudai ujira na kuhesabu maji, na majina ya baadhi yao yangalipo.

Wakubwa waliofuata hawakuliacha jengo hilo bila ya kuligusa. Septimius Severus, Kaisari aliyezaliwa Leptis Magna katika Libya, alilikarabati mwaka 202 na kuchonga jina lake chini ya lile la Agrippa, kwa herufi ndogo zaidi. Mwaka 609 likafanywa kanisa, jambo lililolinusuru. Mwaka 663 Kaisari Constans wa Pili akavua vigae vya shaba vya paa, na mwaka 1625 Papa Urban wa Nane akachukua shaba ya baraza, nyingi yake ikasubiwa mizinga.

Tunayakumbusha haya kwa kuwa desturi ya kuandika jina la mkubwa mlangoni haijafa, na kila mwenye madaraka hupenda jiwe la msingi litaje jina lake. Hatulaumu jiwe la msingi. Tunasema kwamba daftari la kazi nalo litunzwe kwa heshima hiyo hiyo: nani alifyatua, nani alichanganya zege, nani alianguka kutoka jukwaani, na kila mmoja alilipwa kiasi gani. Mafundi wa Mons Claudianus waliponea kusahauliwa kwa bahati ya jangwa kavu lisilooza wino. Wafanyakazi wa leo wasiachiwe bahati.