Je, Umeme Hupita Pasipo na Kitu?

Mwanafunzi akiulizwa ni vitu gani vinavyozuia umeme, hujibu upesi: kioo, mpira, mbao kavu. Akiulizwa kuhusu ombwe, yaani mahali palipoondolewa hata hewa, husita. Pasipo na kitu hapana cha kuuzuia umeme. Lakini pia hapana cha kuuchukua. Kusita huko kuna busara kuliko majibu mengi ya haraka, kwa maana ukinzani hutegemea mambo hayo mawili: wingi wa wachukuzi wa chaji, na vikwazo vinavyowakabili njiani.

Shaba ina utajiri mkubwa wa wachukuzi. Katika kila meta moja ya ujazo mna elektroni huru zipatazo 8.5 × 10²⁸. Kwa wingi huo hazina haja ya kukimbia: mkondo wa ampea 1 katika waya wenye eneo la mkato la milimeta 1 ya mraba huzisogeza kiasi cha sentimeta 26 tu kwa saa. Hata kinyonga angezipita. Taa huwaka mara moja kwa sababu elektroni za waya mzima huanza kusogea karibu kwa pamoja.

Meta 1 ya waya huo ina ukinzani wa omu 0.017 hivi. Waya wa nikromu wa kipimo hichohicho, aina itumikayo katika majiko ya umeme, una omu 1.1 hivi. Nikeli na kromi zikichanganywa, atomu zake hukaa bila mpango, na elektroni hutawanywa kila hatua. Joto nalo huzidisha vikwazo. Utambi wa balbu ya wati 60 kwa volti 240 una omu 960 unapowaka, lakini ukiwa baridi haufikii hata sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Mwalimu aweza kuupima darasani, balbu ikiwa imechomolewa, na yafaa afanye hivyo. Kanuni ya Ohm hufundishwa mno kana kwamba ukinzani haubadiliki kamwe. Huko Leiden, mwaka 1911, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi kelvini 4.2 hivi, na ukinzani wake ukatoweka.

Ombwe halina wachukuzi wake lenyewe. Likipewa, huwapitisha bila kizuizi. Vali aliyoibuni John Ambrose Fleming mwaka 1904 ilifanya kazi kwa njia hiyo: utambi uliochemka ulitoa elektroni, nazo zikavuka uwazi hadi kwenye bamba lenye chaji chanya.

Na anga za juu? Kilometa 300 hivi kutoka ardhini, hewa ni nyembamba kuliko ombwe la maabara nyingi, lakini mwanga mkali wa jua umezing'oa elektroni kutoka katika baadhi ya atomu. Katika meta moja ya ujazo huweza kupatikana elektroni bilioni 100 au zaidi. Ni ukata mtupu zikilinganishwa na za shaba, ila nafasi ni kubwa na migongano ni michache.

Februari 1996 jambo hili lilijaribiwa. Chombo cha Marekani, Columbia, kiliiachia juu yake setilaiti ya Italia iliyofungwa kwa kebo nyembamba yenye nyaya za shaba ndani ya kihami. Kebo hiyo, ikikata uga wa sumaku wa dunia kwa kasi ya kilometa zaidi ya 7 kwa sekunde, ilizalisha volti zipatazo 3,500. Setilaiti ilikusanya elektroni kutoka angani, zikateremka kwa kebo, na mitambo ya Columbia ikazirudisha nje. Anga lenyewe lilikamilisha sakiti.

Kebo ilipofika kilometa 19.7, ilikatika. Kihami chake kilikuwa na dosari. Hewa iliyonaswa ndani ilivuja, na volti zile zikaigeuza kuwa gesi yenye ioni, kama ifanyikavyo ndani ya taa ndefu za mirija zilizomo madarasani. Cheche ikarukia metali ya Columbia, na mkondo wa ampea 1 hivi ukaiunguza kebo. Setilaiti ilikwenda zake ikiburuta mkia wake, ikateketea ilipoingia tena katika hewa nzito mwezi Machi.