Matengo (ngalawa)

Kuhusu kabila la Mkoa wa Ruvuma, Tanzania, tazama Wamatengo.

Matengo ni viegemeo vinavyofungwa pande zote mbili za ngalawa ili isipinduke. Huitwa pia ndubi au rengu.

Mwili wa ngalawa ni mtumbwi uliochongwa kutoka gogo moja, mara nyingi la mwembe. Kwa kuwa ni mwembamba, tanga likijaa upepo ungelala upande mara moja. Kwa hiyo miti miwili hukingamishwa juu yake, mmoja mbele na mmoja nyuma, na ncha zake hushikilia ubao mmoja kila upande.

Ubao huo hufungwa kwa kuinamishwa. Ngalawa ikilala upande wa demani, yaani upande upepo unakoelekea, ubao wa upande huo huingia majini, na maji yanayopita chini yake huusukuma juu. Hivyo hufanya kazi kama pezi zaidi kuliko boya. Ngalawa ikipoteza mwendo, msukumo huo hupungua, kwa kuwa ubao wenyewe ni mwembamba na hauna nguvu kubwa ya kuelea. Upepo ukizidi, mabaharia huhamia joshini, upande upepo unakotoka, ili uzito wao usaidie.

Asili ya matengo huhusishwa na mabaharia Waaustronesia waliovuka Bahari ya Hindi kutoka Asia ya Kusini-Mashariki hadi Madagaska. Huko, mitumbwi ya Wavezo ina kiegemeo upande mmoja tu.