Kuchagua Programu ya Markdown

Muhula uliopita chama chetu cha kompyuta kilipewa kazi ya kupiga chapa maelezo ya kemia ya Kidato cha Nne. Tuliyaandika kwa Markdown, mtindo uliotolewa na John Gruber wa Marekani mwaka 2004. Mwandishi hutia alama nyepesi tu: alama ya reli mwanzoni mwa mstari hufanya kichwa cha habari, na nyota mbili kila upande wa neno hulikoleza. Kisha programu huyageuza maandishi hayo yawe ukurasa.

Mimi nilichukua programu ya kwanza niliyoiona, kwa kuwa ni ya bure. Ukurasa ulipotoka, hatua za kuchanganya asidi na maji zilikuwa zimeungana kuwa aya moja. Mwalimu aliukataa. Alisema asidi humiminwa katika maji, wala si maji katika asidi, na mwanafunzi akisoma vibaya aweza kuungua.

Nilipochunguza niliona kosa ni langu. Python-Markdown, niliyoitumia, hutaka mstari mtupu kabla ya orodha. Programu zifuatazo kanuni za CommonMark, zilizotangazwa mwaka 2014, hazitaki.

Basi mwenzangu, kabla ya kuchagua, uliza mambo manne.

Kwanza, yafuata kanuni gani? CommonMark ina mifano zaidi ya 600 ya kuipimia programu.

Pili, ni salama? Markdown huruhusu HTML ndani yake, na mtu mbaya aweza kupenyeza amri zake humo. Programu iitwayo marked haisafishi matokeo yake. Hapana budi kuongeza kisafishaji. Markdown-it huizuia HTML hiyo mpaka wewe mwenyewe uiruhusu.

Tatu, yatunzwa? Tazama tarehe ya toleo la mwisho, na kama makosa yanayoripotiwa hujibiwa.

Nne, leseni yake yasemaje? Marked na markdown-it zina leseni ya MIT, iliyo nyepesi. Pandoc ina GPL: ukiibadili na kuwagawia wengine, sharti uwape na msimbo wake.

Sisi tulichagua markdown-it, tukaijaribu kwanza kwa ukurasa ule ule wa asidi. Kila hatua ilisimama mahali pake, na Mwalimu akatia sahihi. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Lakini mimi, nisiyechagua kabisa, nililipata koroma langu mapema zaidi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne