RAM ya Kompyuta Kuukuu: Ubao Ndio Unaoamua

Katika kituo cha biashara kama Ikonge, kaunti ya Nyamira, kompyuta ya mezani ni chombo cha kazi. Ndiyo inayochapa barua, kujaza ritani za KRA kabla ya 30 Juni, kuomba mkopo wa HELB na kufungua eCitizen. Mashine nyingi za kazi hii nchini Kenya ziliingia zikiwa zimekwisha kutumika katika ofisi za ng'ambo, na zikianza kukokota, ushauri wa kwanza huwa ni kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya mashine. Ushauri huo mara nyingi ni wa kweli. Tatizo ni kwamba mnunuzi hukimbilia kuuliza bei ya gigabaiti nane, ilhali wa kuulizwa kwanza ni ubao mkuu wa mashine: unapokea RAM ya aina gani, na ya ukubwa gani?

Chukua mfano wa Dell OptiPlex 760 na OptiPlex 780. Kwa macho ni ndugu wa tumbo moja, lakini 760 hutumia RAM ya DDR2 na 780 hutumia ya DDR3. Vipande vya aina zote mbili vina pini 240, ila pengo la katikati limekatwa mahali tofauti, na umeme wake si mmoja: DDR2 hutaka volti 1.8, DDR3 volti 1.5. Anayelazimisha kipande kiingie huvunja sloti. DDR4 ina pini 288, kwa hiyo haiingii kabisa.

Hata aina ikilingana, mtego haujaisha. Mbao kuu za enzi ya Core 2 zinazotumia DDR3 hazisomi chipu nzito za gigabiti 4. Kipande cha GB 4 chenye chipu 16, nane kila upande, kitasomwa. Kile chenye chipu nane tu, japo ni kipya na kinang'aa, huenda kisiwashe mashine. Kuna pia DDR2 na DDR3 za bei nafuu zinazokubaliwa na mbao kuu za AMD peke yake, na RAM za seva za aina ya “registered” ambazo kompyuta ya kawaida huzikataa. Bei ikiwa chini mno kuliko ya wengine, mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi.

Wapo watakaosema RAM iliyotumika ni ya kuogopwa, afadhali mpya. Kwa diski inayozunguka ningekubaliana nao. RAM haina kitu kinachozunguka wala kulika, na kipande cha Samsung, SK Hynix au Micron kilichong'olewa katika mashine ya ofisi mara nyingi ni salama kuliko kipya kisicho na jina. Kijaribiwe tu kwa MemTest86 usiku kucha. Kosa hata moja likionekana, kirudishwe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi haizikubali mashine hizi. Basi kwa nini kuzitilia fedha? Kwa sababu Linux Mint ingali inakwenda vizuri juu yake, na fomu za serikali hufunguka kwenye kivinjari chochote cha kisasa. Hata hivyo, pana mpaka: mashine ya DDR2 mimi singeiongezea hata shilingi. Ya DDR3 inastahili kufikishwa GB 8, kwa vipande viwili vinavyofanana ili vifanye kazi sambamba, mradi mfumo wake ni wa biti 64. Windows ya biti 32 kwenye kompyuta za kawaida haivuki GB 4, hata uweke ngapi.

Na kabla ya yote, kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja mashine ikiwa imelemewa na kazi, ufungue Task Manager inayoonyesha matumizi ya kumbukumbu na diski. Kama kumbukumbu iko nusu huku diski imefika asilimia 100, nunua SSD kwanza. Kama ni kumbukumbu iliyojaa, ng'oa kipande cha zamani, soma kibandiko chake, hesabu chipu zake, kisha nenda nacho mkononi dukani Kisii. Ukiagiza kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, mtumie muuzaji picha ya pande zote mbili, na mkubaliane kabla ya kulipa nani atagharimia mzigo ukirudi.