Fila za Uso: Anayeshika Sindano Aijue Mishipa

Fila ni jeli inayodungwa chini ya ngozi ili kunenepesha midomo, kujaza mashavu yaliyobonyea au kupunguza mfinyo unaotoka puani hadi pembeni mwa mdomo. Nyingi hutengenezwa kwa asidi ya hayaluroni, ambayo hata mwili wenyewe huizalisha. Kwa kuwa hakuna kisu wala kulazwa, na bomba moja kwa kawaida hubeba mililita moja tu, wengi huihesabu kuwa huduma ya saluni kama kusuka au kupaka rangi kucha. Hesabu hiyo si sahihi. Jeli nzuri mkononi mwa asiyejua kilichopo chini ya ngozi bado ni hatari.

Chini ya ngozi ya uso kuna mafuta, misuli, mafuta mengine ya ndani, kisha mfupa, na mishipa ya damu hupita katikati ya tabaka hizo. Ateri ya uso hutoka shingoni, huvuka ukingo wa taya, hupinda kuelekea pembe ya mdomo na kupanda kando ya pua. Karibu na pua na katikati ya nyusi, matawi yake huungana na matawi ya ateri inayolisha jicho. Jeli ikiingia mshipani hapo na kusukumwa kwa nguvu, huweza kurudi kinyume cha mkondo wa damu hadi kwenye retina, na mtu akapofuka papo hapo. Ikiziba tawi la mdomo au la pua, ngozi hukosa damu na kufa. Mwaka 2015, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya rasmi kuhusu upofu na kiharusi vinavyotokana na fila kuingia mshipani.

Mtetezi wa huduma hii atasema ajali hizo ni chache mno. Ni kweli: uchambuzi uliochapishwa mwaka huohuo wa 2015 ulikusanya visa 98 vya macho kudhurika duniani kote. Lakini uchache haupunguzi uzito wa dhara lisilorekebishika, na mara nyingi kinachoamua hatima ya ngozi ni kasi ya kuitambua ajali. Dalili ni maumivu makali, ngozi kupauka, kisha madoa ya zambarau. Kwenye ngozi nyeusi mpauko huo huweza kufichika, hivyo mtaalamu hukagua pia upande wa ndani wa mdomo, na huibonyeza ngozi aone damu inarudi upesi kiasi gani. Asidi ya hayaluroni huweza kuyeyushwa kwa kimeng'enya kiitwacho hayaluronidesi. Lakini fila ya silikoni ya maji haina dawa ya kuiyeyusha.

Wapo pia wanaouliza mafunzo yana faida gani ikiwa hata madaktari hupatwa na ajali. Hakika njia za mishipa hutofautiana kati ya mtu na mtu, na kuvuta bomba nyuma ili kuona kama damu itatoka si kipimo cha kutegemewa, kwa sababu jeli ni nzito. Ndiyo maana aliyefunzwa hachukulii kwamba yuko salama: hudunga polepole, kidogo kidogo, katika kina kinachofaa kila sehemu, na pengine hutumia kanula, yaani mrija mwembamba wenye ncha butu. Mafunzo hayafuti hatari. Huipunguza, na humwezesha mtu kuitambua mapema. Huko Uingereza, ripoti ya daktari Bruce Keogh ya mwaka 2013 kuhusu huduma za urembo ililalamika kwamba yeyote aliweza kujitangaza mdungaji wa fila bila elimu wala uzoefu. Tangu Oktoba 2021, England imepiga marufuku kuwadunga fila za urembo walio chini ya miaka 18.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, uliza maswali manne: Je, huyu ni mhudumu wa afya aliyesajiliwa? Jeli inaitwaje, na je, inayeyushwa? Je, hayaluronidesi ipo chumbani sasa hivi? Nikipatwa na maumivu usiku, nimpigie nani? Akikosa jibu la swali hata moja, ondoka.