Maji ya Ziwa Naivasha Huenda Wapi?

Ziwa Naivasha hupokea maji ya mito Malewa na Gilgil, lakini hakuna mto unaotoka humo. Maziwa ya namna hiyo katika Bonde la Ufa kwa kawaida huwa ya magadi, kama Nakuru na Elmenteita. Mbona la Naivasha si la chumvi?

Sehemu ya maji yake hupenya chini kupitia miamba ya volkano na kuondoka na chumvi. Wataalamu walifuatilia safari hiyo kwa kupima maji yenyewe. Katika maji yote mna chembe chache zilizo nzito kuliko nyingine. Jua likipiga ziwa, chembe nyepesi hupaa kwa wingi zaidi, nzito zikabaki. Hiyo ni alama ambayo maji ya mvua hayana. Imeonekana katika visima vya mvuke vya Olkaria, kusini mwa ziwa, ambako maji ya ziwa yamechanganyika na ya mvua iliyonyesha kwenye kingo za Bonde. Mvuke unaozalisha umeme huko tangu 1981, basi, si maji yaliyozaliwa na volkano.

Miamba hiyo hiyo hutia floraidi katika maji ya visima vingi vya kunywa. Haionekani, wala kuchemsha hakuiondoi, na ikizidi huwatia watoto meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Anayechimba kisima apeleke maji yakapimwe kwenye maabara kabla ya kuwauzia majirani.