Kelele za stima zinavyovuruga kipimo cha moyo

Moyo wa mtu mzima unapopiga, umeme unaofika kwenye ngozi ya kifua ni takriban milivolti 1 tu. Soketi iliyo ukutani, iwe Migori mjini au Kendu Bay, ina volti 240, yaani mara 240,000 zaidi. Mashine ya ECG, inayochora umeme huo wa moyo kwenye karatasi, hutakiwa kuisoma hiyo milivolti moja huku yenyewe ikiendeshwa na hizo volti 240. Ndiyo maana wakati mwingine karatasi hutoka na mstari mnene wenye vijimeno vilivyopangana sawasawa, na daktari akabaki hajui aseme nini.

Stima ya Kenya huenda kwa mizunguko 50 kila sekunde. Karatasi ya ECG kwa kawaida hutembea milimita 25 kwa sekunde, kwa hiyo ukikuta vijimeno viwili ndani ya kila kisanduku kidogo cha milimita moja, hiyo ni stima wala si ugonjwa.

Kuviondoa si kazi nyepesi, kwa kuwa mizunguko 50 imo humo humo zilimo ishara za moyo. Mapendekezo ya wataalamu wa moyo wa Marekani ya mwaka 2007 yanataka mashine ya mtu mzima isome kuanzia mzunguko 0.05 hadi 150 kwa sekunde. Mashine nyingi zina kitufe cha kichujio kinachokata kila kitu kilicho juu ya 40. Ukikibonyeza mstari unapendeza, lakini vilele vya mapigo vinafupishwa na vipindo vidogo vinafutika. Na kichujio cha upande wa chini kikikata hadi 0.5, kinaweza kuipindisha sehemu ya ST, ambayo daktari huikagua akitafuta dalili za mshtuko wa moyo. Kwa maoni yangu, kitufe hicho hubonyezwa upesi mno.

Kelele zina njia mbili za kuingilia. Ya kwanza ni mwili wa mgonjwa wenyewe, unaonasa stima kutoka nyaya zilizo karibu na kitanda. Hapa watengenezaji wana ujanja mzuri: waya unaowekwa mguu wa kulia haupimi moyo, bali huurudishia mwili kelele ileile ikiwa imegeuzwa kinyume ili zifutane. Vibandiko vikikauka, ujanja huo hushindwa.

Njia ya pili, isiyotazamwa sana, ni umeme unaoilisha mashine. Zahanati inaweza kugawana transfoma moja na mashine ya kusaga unga na fundi wa kuchomelea vyuma, na kila mota inapowaka volti hushuka na kupanda. Stima ikipotea, au kule visiwani Ziwa Victoria ambako sola ni tegemeo, inveta ya bei rahisi haitoi wimbi laini bali la ngazi-ngazi. Adapta nayo hukata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde.

Amplifaya nzuri, yaani sehemu ya mashine inayoikuza ishara ya moyo, hupuuza kelele za polepole zinazoletwa na umeme wake, lakini uwezo huo hupungua kadiri kelele zinavyokwenda kasi. Zikishapenya, zinaweza kugeuka humo ndani kuwa mstari unaoyumba polepole, na hapo hakuna kichujio kitakachoutenganisha na moyo. Kwa hiyo ni lazima zizuiwe mlangoni. Kapasita hufanya kazi kama tangi la maji juu ya paa: bomba la mtaa likisita, maji ya jikoni yanaendelea kutoka vilevile. Ukiweka kizuizi cha ohmu 10 na kapasita ya mikrofaradi 100, kelele zinaanza kupungua karibu na mizunguko 160 kwa sekunde, na zile za mizunguko 50,000 hupungua takriban mara 300, kwa hesabu ya makaratasi. Kapasita nyingine ndogo, ya nanofaradi 100, hukaa kando kabisa ya mguu wa amplifaya, maana sentimita chache tu za waya huzuia mkondo wa kasi usiifikie.

Kapasita kubwa hizo huchakaa kwa joto. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu, na joto la pwani ya ziwa huko Homa Bay si haba. Mashine iliyosoma vizuri miaka mitano inaweza kuanza kutetemesha mstari kwa sababu ya kijikopo kimoja kilichokauka, cha bei ndogo.

Kabla ya kumwandikia mgonjwa rufaa, angalia vibandiko. Kisha, kama mashine ina betri, chomoa waya wa ukutani usome tena. Mstari ukitulia, kosa liko kwenye adapta, inveta au ethi. Usikate kamwe mguu wa ethi wa plagi ili kupunguza kelele, kwani unamlinda mgonjwa. Na kaunti zetu mbili, Migori na Homa Bay, zinapoagiza mashine hizi, zitenge pia pesa za kupima ethi ya jengo na kununua adapta za akiba zilizoidhinishwa kwa vifaa vya hospitali.